Behewa Lisilo na Paa

Mwezi Agosti 2004 kampuni ya Microsoft ilitangaza mfumo endeshi mpya kwa ajili ya wanunuzi wa nchi zinazoendelea. Uliitwa Windows XP Starter Edition, na nchi za mwanzo kupangiwa zilikuwa Thailand, Malaysia na Indonesia, kisha India na Urusi. Ulikuwa wa bei nafuu, ulizungumza lugha za wenyeji, hata picha zake za kiwamboni zilikuwa za mandhari ya kwao. Ulikuwa pia na masharti. Mtumiaji aliruhusiwa kufungua programu tatu kwa wakati mmoja. Akitaka ya nne, sharti afunge kwanza mojawapo ya zile tatu. Kiwambo hakikuruhusiwa kuonyesha zaidi ya nukta 800 kwa 600. Kompyuta mbili za nyumba moja hazikuweza kuunganishwa ili zitumie printa moja, wala baba na binti yake hawakuweza kuwa na akaunti mbili tofauti katika mashine hiyohiyo.

Naikumbusha habari hii iliyopita zaidi ya miaka 20 kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai kichakato cha miaka ya karibuni pamoja na chipu ya usalama ambayo kompyuta nyingi zilizo nzima, zinazowaka kila asubuhi katika halmashauri na vyuo vyetu, hazina. Kwa hiyo orodha za ununuzi zinaandaliwa, na neno "nafuu" limerudi katika vikao. Baadhi ya wasomaji wangu ndio wanaoziandaa orodha hizo. Ningependa kabla hawajatia saini tuulizane: anapouziwa mtu kitu cha nafuu, ni nini hasa kilichopunguzwa?

Katika Starter Edition, ukomo wa programu tatu haukutokana na udhaifu wa mashine. Windows XP ya kawaida, katika kompyuta ileile, ilifungua programu nyingi kadiri kumbukumbu ilivyoruhusu. Uwezo huo ulikwisha kuandikwa, kujaribiwa na kulipiwa. Ili ipatikane Starter Edition ilibidi wahandisi waketi upya, waandike msimbo wa kuhesabu programu zilizo wazi na kuikatalia ya nne, waujaribu, kisha ujumbe wa kukatalia utafsiriwe kwa Kithai na Kihindi. Ilifanyika kazi ya ziada, yenye mshahara, ili kitu kifanye kazi pungufu.

Hila hii ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1849 mhandisi na mchumi wa Kifaransa, Jules Dupuit, aliandika juu ya mabehewa ya daraja la tatu katika reli za zama zake, yenye mabao ya kukalia na yasiyo na paa. Mtu angedhani kampuni za reli zilibania gharama za kuezeka. Dupuit alieleza kwamba gharama hiyo ilikuwa ndogo mno kuwa sababu. Abiria wa daraja la tatu aliachwa anyeshewe ili abiria wa daraja la pili, mwenye uwezo wa kulipa, aogope kushuka daraja. Mvua iliyomnyeshea maskini ilikuwa inalinda nauli ya mtu mwingine. Sisi tuliowahi kusafiri daraja la tatu kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma tunayo namna yetu ya kuielewa hoja hiyo, ingawa, tuseme kweli, behewa letu lilikuwa na paa.

Viwanda vya kompyuta viliichukua hila hiyo bila haya. Mwaka 1990 IBM ilitoa printa ya bei ndogo iliyoitwa LaserPrinter E. Ilikuwa printa yao ya kawaida iliyochapa kurasa 10 kwa dakika, ila ndani yake zilitiwa amri za kusubirisubiri, ikawa inachapa 5. Mwaka uliofuata Intel ikauza kichakato cha 486SX, ambacho mwanzoni kilikuwa 486 kamili iliyozimwa sehemu yake ya hesabu za desimali. Mwaka 1996 wachumi wawili, Raymond Deneckere na Preston McAfee, waliandika makala ya kitaalamu juu ya mifano ya aina hii na kuipa jina linaloeleweka bila kamusi: bidhaa zilizoharibiwa.

Haki inanilazimu niseme kwamba wachumi hao hawakuilaani desturi hiyo. Walionyesha kuwa yawezekana kila upande ukanufaika: kampuni ikauza zaidi, tajiri asipoteze kitu, na maskini akapata alichokuwa hakipati kabisa. Programu tatu ni nyingi kuliko sifuri. Nimewahi kuisikia hoja hii kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na sidhani inajibiwa kwa kupiga meza. Inajibiwa kwa kuuliza kama kweli maskini alikuwa na sifuri. Hoja ya behewa lisilo na paa ina nguvu pale tu ambapo hakuna behewa jingine relini.

Thailand lilikuwapo. Mwaka 2003 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa kompyuta za bei nafuu kwa wananchi, na kompyuta hizo zilitoka zikiwa na Linux TLE, toleo la Kithai lililoandaliwa na NECTEC, taasisi ya utafiti ya umma. Hapo ndipo Microsoft ilipokubali kuuza Windows na Office kwa pamoja, ndani ya mpango huo, kwa takribani dola 40, bei ambayo mteja wa kawaida popote pengine asingeota kuipata. Mwaka uliofuata ikaja Starter Edition. Mfuatano huu wa matukio napenda sana kuwasomesha wanafunzi wangu. Bei haikushuka kwa huruma, wala kwa hotuba za kupambana na umaskini. Ilishuka kwa sababu kazi ya watafiti wa umma ilikuwa imewekwa mezani, imekamilika, inawaka. Hata Mthai ambaye hakuwahi kuigusa Linux maishani mwake alipunguziwa bei na Linux.

Brazil ilikwenda mbele zaidi. Mpango wake wa mwaka 2005, Computador para Todos, yaani kompyuta kwa wote, uliwapa wananchi mashine za mkopo nafuu zilizosamehewa kodi, kwa sharti kwamba ziwe na programu huria. Microsoft ilipendekeza Starter Edition. Serikali ya Lula ilikataa, na miongoni mwa waliosimama kidete alikuwamo Sérgio Amadeu, aliyeongoza taasisi ya taifa ya teknolojia ya habari. Hoja yao haikuwa ngumu kueleweka hata kwa asiye mtaalamu: kwa nini kodi ya umma igharimie kumfundisha mwananchi kutumia kompyuta iliyofungwa kamba?

Kisha bei yenyewe ikakaribia kutoweka. Mwezi Aprili 2007, akiwa Beijing, Bill Gates alitangaza kwamba serikali zinazonunua kompyuta kwa ajili ya wanafunzi zingeweza kupata mkusanyo wa programu, ukiwamo Windows XP Starter Edition na Office, kwa dola 3 kwa kila mashine. Dola 3! Mwezi Oktoba mwaka huohuo, nchini Nigeria, kampuni ya Kifaransa ya Mandriva ilijikuta katika kisa cha ajabu. Ilikwisha kukubaliana kuweka Linux yake katika kompyuta ndogo 17,000 za shule, halafu ikaarifiwa kwamba italipwa kama ilivyoahidiwa lakini programu yake itaondolewa na Windows kuwekwa mahali pake. Mkurugenzi wake, François Bancilhon, alimwandikia Steve Ballmer wa Microsoft barua ya wazi yenye uchungu. Baadaye taasisi ya serikali iliyogharimia sehemu kubwa ya kompyuta hizo ilisema ingependa kubaki na Mandriva. Lakini jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba mtu alikuwa tayari kulipia programu mbili ili mtoto atumie moja. Anayefanya hivyo hauzi programu. Ananunua mazoea ya mtoto.

Lazima niseme neno juu ya jambo ambalo wahubiri wa programu huria huliruka. Katika mitaa ya Kariakoo, kama River Road kule Nairobi na Pantip Plaza kule Bangkok, mshindani halisi wa Starter Edition hakuwa Linux. Alikuwa ni nakala ya wizi ya Windows kamili, iliyouzwa kwa bei ya sahani ya chakula. Mnunuzi wa kawaida alipokuta kompyuta yake mpya ina Linux, au ina Starter, alimpelekea fundi aifute. Kwa hiyo takwimu za kompyuta ngapi "zimeuzwa na Linux" zisitufurahishe kupita kiasi. Lakini nakala ya wizi nayo ina paa la namna yake: haina uhakika wa marekebisho ya usalama, huja na virusi vya fundi, na mtumishi wa umma anayeitumia ofisini anaiweka ofisi yake mikononi mwa yeyote atakayekuja na barua ya mwanasheria. Mtu mwenye bidhaa ya wizi hana sauti ya kudai bei nzuri. Thailand ilidai kwa sababu ilikuwa na kitu halali cha kuonyesha.

Mwaka 2010, nikiwa mhadhiri msaidizi, mwanafunzi wa mwaka wa pili alinijia ofisini na kompyuta mpakato ndogo aliyonunuliwa na kaka yake.

"Shikamoo Mwalimu. Hii imeharibika," akasema. "Inakataa picha."

"Marahaba. Picha gani?"

Alitaka picha ya marehemu bibi yake, aliyemlea, ikae mbele ya kiwambo kila awashapo. Alikuwa ametafuta mahali pa kuibadilishia kwa siku tatu. Nilipoitazama nikakuta ni Windows 7 Starter, toleo la nafuu lililotoka mwaka 2009 kwa ajili ya kompyuta ndogo. Ule ukomo wa programu tatu Microsoft ilikuwa imeuondoa muda mfupi kabla ya kulitoa, baada ya kupigiwa kelele. Lakini iliacha vikwazo vingine, na kimoja kilikuwa hicho: mtumiaji haruhusiwi kubadilisha picha ya kiwamboni. Nikamweleza kwamba mashine ni nzima, ndivyo ilivyouzwa, na akitaka ruhusa hiyo yupo anayeiuza.

"Kwa hiyo kaka alitapeliwa?"

"Hapana. Masharti yameandikwa."

Akafikiri kidogo. "Sasa Mwalimu, picha ya bibi inawapunguzia nini?"

Nimesoma vitabu kadhaa vya uchumi tangu siku ile na sijapata swali lililoukaribia ukweli zaidi ya hilo. Haiwapunguzii kitu. Ndiyo maana inazuiwa: kikwazo kizuri kwa muuzaji ni kile kisichomgharimu yeye na kinachomkera mwenzake kila siku. Juma lililofuata tuliweka Ubuntu katika mashine ile. Picha ya bibi ilikaa mahali pake kwa dakika moja. Halafu tukahangaika siku mbili kuifanya modemu ya kampuni ya simu itambulike. Hilo nalo nalisema, maana ni sehemu ya hesabu.

Baadhi ya wanafunzi, wakisikia habari hizi, hufikia hitimisho kwamba kila kilichopunguzwa ni dhuluma. Sivyo. Android Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2017, imepunguzwa ili simu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 isielemewe. Lubuntu, katika familia ya Linux, imeondolewa mapambo ili kompyuta ya zamani ipumue. Huko ni kupunguza kwa sababu ya mashine. Starter Edition ilipunguzwa kwa sababu ya mnunuzi. Namna ya kutofautisha haihitaji shahada: uliza ni nani mwenye ruhusa ya kukiondoa kikwazo. Mwenye Lubuntu akitaka mapambo yote aliyonyimwa, huandika amri moja na kuyapata, na kompyuta ikilemewa ni juu yake. Mwenye Starter anatakiwa arudi dukani na fedha.

Ruhusa hiyo ndiyo kiini cha leseni ambayo Richard Stallman na wenzake waliijenga kuanzia miaka ya 1980, na ambayo Linus Torvalds aliichukua kwa ajili ya Linux: tumia, chunguza, badilisha, gawa. Neno "bure" linatupotosha kidogo. Kiswahili kwa bahati njema kina "huria", na waliolichagua walijua walitendalo.

Sasa nigeukie upande wetu, maana kuisema Microsoft ni kazi nyepesi. Mwaka 2004, ule ule wa Starter Edition, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden. Ulikusanya istilahi, ukabishania maneno, na mwezi Desemba ukatoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilikuwa imetangaza mwaka huo nia ya kutoa programu zake kwa lugha yetu, na sidhani ni utovu wa adabu kusema kwamba ushindani ulimharakisha mtu. Leo nikitaja Jambo mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hutazamana. Hakuna aliyetufunga. Leseni haikufutwa na msimbo chanzo haukuchomwa moto. Ruhusa ya kuendeleza ile kazi tunayo hadi dakika hii. Kilichokosekana ni mtu wa kulipwa mshahara aendelee nayo baada ya fedha za mradi kuisha. Ruhusa isiyo na mwenye kuitumia haina tofauti kubwa na katazo.

Munich, nchini Ujerumani, ilionyesha hivyo kwa kiwango kikubwa. Jiji hilo liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, licha ya Ballmer kukatisha likizo yake kwenda kumwona meya ana kwa ana. Likahamisha kompyuta takribani 15,000. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura ya kurudi Windows. Wapo wanaosema hiyo ni hukumu juu ya Linux. Mimi naona ni habari ya mameya: aliyeanzisha aliondoka, aliyefuata hakuwa na moyo nayo, na mfumo unaohitaji watu wa nyumbani kuutunza ukakosa mlezi. Jimbo la Schleswig-Holstein, katika nchi hiyohiyo, sasa linahamishia ofisi zake LibreOffice. Tutaona kama limejifunza.

Katika shule moja ya sekondari ya mkoani kwetu kuna chumba cha kompyuta 22 za msaada. Zilifika zikiwa chakavu, zisizoweza kubeba Windows yoyote inayopata marekebisho ya usalama leo. Mwaka 2019 mwalimu wa fizikia na vijana wawili niliowafundisha waliziwekea Linux Mint, wakazifunga kwa waya zote 22 zikatumia printa moja, jambo ambalo Starter Edition lisingeliruhusu. Kwa mwaka mmoja na nusu watoto walijifunza humo kuandika, kupiga hesabu katika majedwali, na wachache kuandika programu. Kisha mwalimu akahamishwa. Kompyuta moja ikagoma, ya pili ikafuata, na kwa kuwa hakuna aliyejua pa kuanzia, mlango ukafungwa kwa kufuli. Kompyuta 20 zilizokuwa nzima zilifungiwa pamoja na mbili mbovu.

Mwaka huu alipelekwa mwalimu mpya, binti wa hisabati, mwepesi wa kujifunza. Ameomba ufunguo. Tulikadiria kwamba majuma mawili ya mafunzo yangemtosha, pamoja na mwenzake mmoja ili akihamishwa yeye abaki mwingine. Mkuu wa shule aliandaa bajeti ndogo: nauli, posho ya walimu wawili, nyaya na vitufe vya kubadilisha. Bajeti ilipitia ofisi inayohusika na kurudi ikiwa imeidhinishwa kasoro kifungu kimoja. Nyaya zilipita. Vitufe vilipita. Kifungu cha mafunzo kilikatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni yake, kwa mwandiko safi, pameandikwa: "Programu ni bure."

Tumekata rufaa. Barua ina kurasa mbili, na nimeomba irejeshwe mezani kabla ya muhula kufunguliwa.